Matanga yasiyokaliwa

Bibi jirani yangu hapa Newala, kusini mwa Tanzania, alizaliwa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akavuka Mto Ruvuma akiwa binti, akaolewa huku na kuzeekea huku. Msimu wa korosho ukifika, jioni huketi naye barazani akibangua zile za kula nyumbani. Hupaka majivu vidoleni kwanza, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi, kisha huigonga korosho kwa kijiwe mara moja tu, na punje ikatoka nzima. Jioni mojawapo alinieleza kwamba wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji dhidi ya Wareno kaka yake aliitwa usiku na watu aliowafahamu, akatoka na shuka begani, na hadi leo hakuna aliyekuja kuwaambia kama yu hai au amekufa. "Mjukuu wangu, sisi hatukukaa matanga," alisema. "Utamliliaje mtu ambaye hukupewa habari ya kifo chake?"

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma historia ya majirani zetu kwa kuangalia kile wataalamu wanachokiita haki ya mpito, yaani namna nchi iliyotoka vitani au chini ya utawala wa mabavu inavyoyashughulikia maovu yaliyotendeka, iwe kwa mashitaka, msamaha, fidia au kuutafuta ukweli wenyewe. Msumbiji ilichagua msamaha. Vita kati ya serikali ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru, na waasi wa RENAMO, vilivyoanza takribani mwaka 1977, vilikoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja kupoteza maisha kwa silaha, njaa na maradhi. Siku kumi tu baadaye ikatoka Sheria Namba 15/92 ya msamaha. Hapakuwa na mahakama maalumu wala tume ya ukweli.

Siudharau uamuzi huo. Pande zote mbili zilikuwa na damu mikononi, na ni vigumu kuamini kwamba makamanda wangekubali kusalimisha silaha huku wakijua kwamba kizimba kinawangoja. Uchaguzi wa mwaka 1994 ulifanyika, na wanavijiji waliokuwa wamekimbia wakarudi kulima. Ninachokipinga ni kufanya msamaha wa adhabu kuwa pia msamaha wa kutosema, kwa sababu mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Afrika Kusini iliyatenganisha: Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa mwaka 1995 kuchunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, ilimtaka mwombaji wa msamaha aeleze kwa ukamilifu alichokitenda, na kati ya maombi zaidi ya 7,000, waliosamehewa walikuwa 849. Tume hiyo ilikuwa na kasoro zake, hasa kuhusu fidia, lakini zipo familia zilizoonyeshwa makaburi ya watoto wao kutokana na maelezo ya wauaji wenyewe.

Pale serikali ilipochagua kunyamaza, watu wa Gorongosa, katikati ya Msumbiji, walitafuta njia yao. Huko hutokea mtu akapandwa na gamba, roho ya askari aliyeuawa vitani, na mbele ya mganga na ndugu wa pande zote roho hiyo hueleza ilivyouawa, humtaja aliyehusika na hudai kulipwa. Aaminiye na asiyeamini wote wanaweza kuona kinachotafutwa hapo: kosa litajwe hadharani, na mwenye kosa akiri.

Jambo hili linatuhusu sisi wa kusini kuliko tunavyopenda kukiri. Nachingwea, katika mkoa wa Lindi, ndiko FRELIMO walikokuwa na kambi yao kuu ya mafunzo, na ni haki yetu kujivunia ukarimu ule. Lakini ni Nachingwea hiyohiyo ambako mwaka 1975, muda mfupi kabla ya uhuru wa Msumbiji, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho, alisimamishwa mbele ya umati akalazimishwa kusoma maungamo ya usaliti, pamoja na wengine waliohesabiwa kuwa wasaliti. Baadaye alipelekwa kwenye kambi huko Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, akauawa kwa siri bila kesi mahakamani, na mkewe Celina naye akauawa. Mwana wao Daviz alikuja kuwa meya wa jiji la Beira, Msumbiji, kwa miaka mingi, akafariki Februari 2021 bila kukabidhiwa mabaki ya wazazi wake. Nikiifikiria familia hiyo, yenye jina kubwa na sauti katika siasa, namwona Bibi asiye na jina wala sauti, na naelewa kwa nini hajawahi kujibiwa.

Wazee walioshuhudia mambo ya Nachingwea wanazidi kupungua kila mwaka. Natamani halmashauri zetu na walimu wa historia wawaendee sasa, wakiwa na kinasa sauti na subira, wakaandike sifa za kambi ile pamoja na uchungu wake.

Mimi nimeanza na Bibi. Juzi nilichukua daftari nikaandika jina kamili la kaka yake, jina la mama yao, kijiji, na rangi ya shuka aliyotoka nayo. Aliniomba nimsomee mara mbili, akasahihisha jina la kijiji, kisha akauliza daftari hilo litapelekwa kwa nani.