Shangazi wa akina Neville, mama wa akina Percy

Katika Vita vya Mawaridi, vita vya karne ya 15 kati ya koo za Lancaster na York zilizogombea ufalme wa Uingereza, anayenishika moyo ni Eleanor Neville, mke wa Henry Percy, Erli (cheo cha ukabaila) wa pili wa Northumberland. Mumewe aliuawa katika pigano la St Albans mwaka 1455 akiwa upande wa Lancaster. Upande wa pili, wa York, alikuwepo Erli wa Salisbury, kaka yake Eleanor wa damu.

Kisha wakafuata wanawe: Thomas akafia Northampton 1460, Henry na Richard Towton 1461, Ralph Hedgeley Moor 1464. Wana wanne! Mwaka huohuo wa 1464 Edward IV, mfalme wa upande wa York, akampa uerli wao John Neville. Huyo naye ni mtoto wa Salisbury, yaani Eleanor ni shangazi yake.

Mwaka 1470 mfalme alimrudishia cheo mjukuu wa Eleanor, Henry. John akakasirika, akahamia kwa nduguye, Erli wa Warwick, aliyekuwa amemgeuka mfalme, akauawa Barnet 1471. Eleanor alifariki 1472, kwa hiyo cheo alikiona kikirudi.

Mjukuu huyo ndiye aliyekuwa kwenye pigano la Bosworth 1485 na askari wake, upande wa Richard III, mfalme wa York, naye mfalme akauawa bila wao kupigana. Wengi humwita msaliti. Mimi siwezi, nikiwakumbuka babu, baba na baba zake wadogo watatu.