Simu moja, darasa zima: maandishi ya mwisho wa muhula

Muhula umekwisha, na kabla shughuli za likizo hazijanichukua ningependa kuandika juu ya jambo ambalo limebadilisha ufundishaji wangu wa fizikia kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria, nalo ni matumizi ya zana za bure za intaneti na simu ya mkononi katika darasa ambalo wanafunzi wenyewe hawana simu. Shuleni kwetu, kama ilivyo katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu; na hata angeruhusiwa, wengi wametoka katika kaya za wakulima wa kahawa na mahindi ambamo simu ni moja, mara nyingi ya kitochi, na huondoka na baba au mama kwenda shambani asubuhi. Tuliliona hilo waziwazi mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni kwa sababu ya korona, ambapo masomo yaliyotumwa kwa WhatsApp yaliwafikia watoto wale wale ambao tayari walikuwa na vitabu nyumbani. Kwa hiyo ninaposoma maelezo ya walimu wa nchi nyingine wanaomtaka kila mwanafunzi afungue programu fulani kwenye simu yake, swali ninalobaki nalo ni jingine: zana hii inaweza kutufanyia nini ikiwa kifaa ni kimoja tu, na kiko mkononi mwa mwalimu?

Jibu bora nililolipata hadi sasa ni Plickers, programu ya simu inayokusanya majibu ya darasa kwa kutumia kadi. Kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi iliyochapwa umbo jeusi linalofanana na mraba uliomegwamegwa, na kwenye pande zake nne zimeandikwa herufi A, B, C na D kwa maandishi madogo sana. Mwalimu husoma swali, mwanafunzi huigeuza kadi ili herufi ya jibu lake iwe juu, kisha huiinua, na mwalimu huizungusha kamera ya simu yake taratibu kutoka upande mmoja wa darasa hadi mwingine huku programu ikisoma kadi moja baada ya nyingine na kuandika nani amejibu nini. Kwa kuwa umbo la kila kadi ni tofauti na herufi ni ndogo, jirani hawezi kuiga jibu hata akitaka. Programu inahitaji intaneti, lakini kwa kuwa hakuna video inayopakuliwa, bando dogo linatosha, na kadi zenyewe nilizichapa mara moja tu, nikazigandisha juu ya maboksi ili zidumu.

Thamani ya kadi hizo haiko katika kamera. Katika darasa lenye wanafunzi wengi kama langu, mwalimu akiuliza swali kwa mdomo hunyooshwa mikono ile ile kila siku, ya wale wa mbele wenye sauti, na mwalimu akishapata jibu sahihi kutoka kwao huendelea na somo akidhani darasa zima limeelewa. Wale wa nyuma, na hasa wasichana wanaoogopa kuchekwa kwa Kiingereza chao, wanaweza kumaliza kidato cha pili bila mtu yeyote kujua wanachofikiri kuhusu umeme. Kadi inapoinuliwa, kila mmoja amesema, na amesema kimya. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndicho kipimo ninachokitumia ninapoletewa zana mpya: je, itanisaidia kusikia mawazo ya yule ambaye hajawahi kunyoosha mkono?

Wazo lenyewe lina historia ndefu kuliko simu janja. Mwaka 1991 Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha kwa kuuliza swali la dhana katikati ya mhadhara, kuwaacha wanafunzi wapige kura kila mmoja kivyake, kuwataka wajadiliane na jirani mwenye jibu tofauti, kisha kuwapigisha kura tena. Alikuwa amegundua kwamba wanafunzi waliokokotoa hesabu ngumu za fizikia bila shida walikwama kwenye maswali mepesi yaliyohitaji kueleza tu kinachotokea na kwa nini. Vyuo vyenye fedha baadaye vilinunua vifaa maalumu vya kupigia kura. Sisi tunatumia karatasi, na sioni tunachokosa.

Muhula huu nilitumia utaratibu huo zaidi katika mada ya mkondo wa umeme. Nilichora ubaoni saketi yenye betri moja na balbu moja, nikaweka ammita moja kabla ya balbu na nyingine baada yake, nikauliza ni ipi itasoma mkondo mkubwa zaidi. Sehemu kubwa ya darasa ilichagua ammita ya kwanza, kwa hoja kwamba balbu hula umeme na kinachopita upande wa pili ni masalia. Wala si fikra ya kijinga. Mtoto aliyekulia katika nyumba yenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, amesikia tangu utotoni kwamba pasi inakula umeme, kwamba uniti zinaisha, kwamba taa isiyozimwa usiku imemaliza hela ya wiki nzima. Kwa hiyo anapokuja darasani na kuambiwa kwamba mkondo katika saketi ya mfululizo ni ule ule kila mahali, sentensi hiyo anainakili daftarini kwa ajili ya mtihani, lakini fikra yake anaendelea kutembea nayo.

Niliwaacha wabishane, wakapiga kura tena, na mabadiliko yakawa madogo. Hapo ndipo nilipowasha PhET, mkusanyo wa majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Jaribio la saketi humwezesha mtu kuburuta betri, nyaya, balbu na vipimio, kisha kuona elektroni zikitembea kama vidonge vya buluu ndani ya waya. Tulifunika madirisha kwa kanga kwa sababu mwanga wa saa nane mchana huimeza picha ya projekta, tukaunda saketi ile ile iliyokuwa ubaoni, tukaweka ammita mbili. Zilisoma sawa. Vidonge vilivyoingia kwenye balbu vilitoka upande wa pili kwa wingi ule ule na kwa kasi ile ile, na darasa likanyamaza kwanza, kisha likaanza kelele.

Katikati ya kelele hizo msichana mmoja ambaye sikumbuki kama aliwahi kuuliza chochote tangu kidato cha kwanza alisimama akasema, "Shikamoo Mwalimu. Kama mkondo hauliwi, mbona betri inaisha?"

Sidhani kama kuna swali bora linaloweza kuulizwa katika mada hiyo. Ndani yake mna mpaka wote kati ya chaji na nishati, jambo ambalo vitabu hulipitia kwa mistari michache. Nilimwomba aje mbele, achukue voltimita ya kwenye programu, na aipime kwanza kwenye kipande cha waya mtupu, kisha kwenye ncha mbili za balbu. Kwenye waya ilisoma sifuri. Kwenye balbu ilisoma karibu volti zote za betri. Kutoka hapo tukaweza kusema pamoja kwamba chaji huzunguka bila kupungua, ila kila inapopita kwenye balbu huacha nishati iliyopewa na betri, na kwamba kinachokwisha ndani ya betri ni kemikali zinazotoa nishati hiyo. Tulirudi hata kwenye LUKU, tukaona kwamba uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, yaani kipimo cha nishati, kwa hiyo mama anayelalamika kwamba pasi imemaliza uniti hajakosea kitu. Siku iliyofuata niliuliza swali la aina hiyo kwa saketi tofauti, yenye balbu mbili, na kadi zikaonyesha kwamba wengi walikuwa wamehama.

Nasisitiza mpangilio huo, kwa sababu nimeona PhET ikitumiwa kama sinema: mwalimu anaonyesha, wanafunzi wanafurahi, kengele inalia. Mwanafunzi ambaye hajajifunga kwanza na ubashiri wake haoni kitu cha kumshangaza. Kadi huja kabla ya picha, na mabishano huja katikati.

Wapo wenzangu wanaohofia kwamba majaribio ya kuigiza yatawapa wakuu wa shule kisingizio cha kutonunua vifaa vya maabara, na hofu hiyo naiheshimu. Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Colorado wenyewe ulionyesha kuwa wanafunzi waliojifunza saketi kwa kuigiza walifanya vizuri kuliko wenzao waliotumia vifaa halisi, hata walipotakiwa baadaye kuunda saketi halisi na kuieleza. Nadhani sababu ni kwamba kwenye programu hakuna waya uliokatika ndani ya plastiki wala balbu iliyoungua bila mtu kujua, na macho ya mwanafunzi yanabaki kwenye jambo lenyewe. Hata hivyo mwanafunzi wa kidato cha nne atakaa mbele ya mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani akiwa na nyaya halisi mikononi, na hakuna programu itakayomfundisha kukaza kiunganishi kilicholegea au kusoma mshale wa ammita bila kuuinamia upande. Tunapokuwa na vifaa, hata vichache, ninaanza na kompyuta na kumalizia na waya.

Kuhusu neno "bure", nimejifunza kulitazama kwa makini. Zana nyingi zilizowahi kusifiwa kwa walimu hazipo tena: Wikispaces ilifungwa mwaka 2018, Edmodo ilizimwa Septemba 2022, Jamboard ya Google ikafikia mwisho Desemba 2024, na zilipoondoka ziliwalazimu walimu kuhamisha au kupoteza kazi walizozijenga humo kwa miaka. Teknolojia ya Flash, iliyokuwa ikiendesha picha zinazotembea kwenye kurasa za intaneti, ilipositishwa mwishoni mwa 2020, majaribio mengi ya sayansi yaliyoitegemea yalizimika nayo. PhET ilinusurika kwa sababu watu wake walikuwa wameanza mapema kuyaandika upya yale yao. Ndiyo maana sasa ninapendelea kitu ninachoweza kukipakua na kukiweka kwenye flashi, chenye leseni huria inayoniruhusu kumpa mwalimu wa shule ya jirani. Faili moja la jaribio la PhET, likishapakuliwa, hufunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Kuna pia bando, ambalo mwalimu hulinunua kwa mshahara wake, na umeme unaokatika. Gharama hizo hazionekani katika takwimu zozote, na ningependa bodi za shule zizitaje kwenye bajeti kama zinavyotaja chaki.

Kwa chumba chetu cha kompyuta, ambamo mashine zinazowaka ni chache na intaneti haifiki, zana iliyotufaa ni Kolibri ya shirika la Learning Equality. Huwekwa kwenye kompyuta moja pamoja na video, mazoezi na vitabu vilivyopakuliwa mapema, na kompyuta nyingine husoma kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani wa chumba; ukurasa wake unaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili. Inafanya kazi vizuri, na sina mengi ya kuongeza juu yake. Ninachotaka kukieleza ni kilichotokea mezani. Kundi linapokaa mbele ya mashine moja, mvulana mmoja hukishika kipanya na hakiachii, wavulana wengine humwelekeza, na wasichana huandika. Nililiona hilo katika kila kundi lenye mchanganyiko. Sasa kuna sheria: anayeshika kipanya hana ruhusa ya kuamua, kazi yake ni kutenda yale ambayo wenzake wamekubaliana kwa sauti, na kipanya huhama kila zoezi linapokwisha. Tangu tuianze, mazungumzo mezani yamekuwa ya fizikia, kwa Kiswahili na Kiingereza kilichochanganyika, na mimi hupita nikisikiliza. Ukweli ni kwamba uchache wa mashine umetusaidia, kwa kuwa mtoto aliye peke yake na kompyuta yake hana sababu ya kusema anachofikiri.

Kazi niliyojipangia likizo hii inahusu majibu yasiyo sahihi. Swali la kadi hufaa kwa kadiri ya ubora wa majibu yake ya makosa. Kama B, C na D ni upuuzi, kila mtu atachagua A na mwalimu hatajua lolote. Muhula mzima nimekuwa nikiandika nyuma ya daftari langu la maandalio sentensi ambazo wanafunzi wamezisema wenyewe walipokuwa wakibishana: kwamba sumaku huvuta metali yoyote inayong'aa, kwamba jiwe zito huanguka haraka kuliko jepesi, kwamba maji yanayochemka huzidi kupata moto kadiri moto unavyochochewa. Kila moja nitaijengea swali, na sentensi ya mwanafunzi itaingia humo kama ilivyotamkwa. Walimu wa fizikia wa kata za jirani wameshakubali kukusanya za kwao, na tutayaweka maswali yote katika faili moja lisilohitaji intaneti, kwa mada na kwa kidato, kabla shule hazijafunguliwa.