Pumzi Bandani

Jioni ile kipimajoto kilikuwa kinaelekea nyuzi 18 chini ya sifuri, nami nikalala roho kwatu, kwa kuwa mchana kutwa nilikuwa nikiziba banda. Magunia, matambara, plastiki. Hata ule mwanya chini ya paa niliupigilia ubao. Jogoo nikampaka mafuta ya mgando kilembani. Kuku tisa, nikasema, joto lao litawatosha.

Alfajiri nilipofungua mlango harufu ya kinyesi ilinichoma macho. Misumari ya paa ilikuwa imeota barafu, kila mmoja na tone lake. Majike walikuwa juu ya fito, vichwa wamevifukia manyoyani. Jogoo alisimama chini peke yake, amejikunyata. Kilemba chake, siku zote chekundu kama pilipili, kilikuwa kimepauka kwenye ncha kama nta. Nilikigusa. Kilikuwa kigumu, kimeganda kwa baridi.

Nilimkimbiza ndani, nikataka kumsugua, nikataka kumweka mbele ya moto. Bahati nilimpigia simu kwanza mama jirani, aliyefuga kuku tangu ujana wake. "Usimsugue, mwanangu, utamchuna. Na moto usimsogeze kabisa. Maji ya uvuguvugu na kitambaa, mguse tu." Nilikaa naye sakafuni, nimemfunika kwa koti, moyo wake ukinidunda mbavuni. Damu ilipoanza kurudi kilembani alitoa mlio mdogo, wa chini, ambao sikuwahi kuusikia kwa kuku. Yale yalikuwa maumivu, na niliyasababisha mimi.

Mama alipofika hakumtazama jogoo kwanza. Aliingia bandani, akapitisha kidole chini ya paa, akanionyesha: kimelowa. "Umewafungia na pumzi zao wenyewe," akasema.

Nilidhani adui ni baridi. Kumbe kuku mwenye manyoya makavu huistahimili baridi kali. Kinachomuumiza ni unyevu. Usiku kucha wanapumua, wanakunya, na mvuke wote ule, ukikosa pa kutokea, unawarudia na kutua pale pasipo na manyoya: kilembani na kwenye ndevu. Mafuta yangu hayakuzuia kitu.

Tuling'oa ule ubao wa chini ya paa. Mwanya uwe juu ya vichwa vyao, alisisitiza, hewa itoke bila kuwapuliza waliolala. Tukazoa matandiko yaliyolowa, tukamwaga maranda makavu. Fito nyembamba tukazitoa, tukaweka mbao za inchi 2 kwa 4, upande mpana juu, ili kuku akilala tumbo lifunike vidole vyote. Nilipotaja taa ya joto alikataa katakata: vumbi, maranda na taa ndiyo njia ya kuchoma banda.

Ncha za kilemba ziligeuka nyeusi. Nilitaka kuzikata, mama akanikataza, kwani gamba lile kavu linalinda nyama hai iliyo chini yake. Baada ya wiki kadhaa niliokota moja kwenye maranda, ndogo kama ukucha.

Kabla ya hapo baridi ilikuwa imeshapiga tena, kali vilevile. Nilitoka usiku wa manane na tochi. Jogoo alikuwa juu ya mbao katikati ya majike, miguu haionekani. Nikapitisha kidole chini ya paa. Kikavu.