Khalati, hamira na bangili

Kusahau majina kwa khalati yangu si habari mpya. Akitaka kumwita mjukuu mmoja, atataja wote wa nyumba nzima mpaka amfikie. Hilo halinitii wasiwasi. Mimi mwenyewe nafanya hivyo na hamsini sijaigusa.

Kilichonishtua ni mahamri. Ameyapika Kibokoni tangu mimi sijazaliwa. Alfajiri moja nikamkuta ameketi mbele ya beseni, unga umechekechwa, tui limekamuliwa, naye anatazama tu. "Mwanangu, hapa kinafuata nini?" Hamira, khalati. Akatia. Punde akainuka, akaanza kuitafuta hamira atie tena.

Kutojua miwani umeiweka wapi, huo ni uzee. Kupotelewa na kazi uliyoifanya umri wako wote ni jambo jingine. Ndivyo ilivyo pia kurudia swali ulilojibiwa sasa hivi, au kupotea ukirudi Marikiti. Halafu kuna tuhuma. Bangili zake zilipotoweka, alimkaba msichana wa kazi kwa maneno makali. Tulizikuta ndani ya pipa la mchele. Tafadhalini, kabla hamjamfukuza mtoto wa watu, pekueni jikoni.

Jirani akasema ni jini, asomewe. Asomewe, kisomo hakidhuru. Lakini hospitali pia aende, kwani yapo yanayofanana na haya na yana tiba: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, baadhi ya dawa za usingizi. Hata maambukizi ya mkojo humvuruga mzee ghafla. Daktari alipima damu, akapekua mfuko wa dawa zake, kisha akamwambia achore saa. Namba zote alizirundika upande mmoja.

Wanashuku Alzheimer, ugonjwa wa ubongo ambao ndio chanzo kikubwa cha maradhi haya ya kupoteza kumbukumbu na akili, yaitwayo dementia. Kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayoshika mambo mapya, ndiyo maana khalati atakusimulia harusi yake mpaka rangi ya leso, lakini hajui kama amekula. Dawa ya kuyaondoa haipo. Za presha sasa nampa mimi mkononi, maana alikuwa akimeza mara mbili au asimeze kabisa.

Bintiye aliye Maskati bado hasadiki. "Mbona nikipiga simu tunaongea vizuri?" Dakika tano za salamu na dua khalati anazimudu bila taabu. Nimemwambia aje alale naye wiki nzima, ndipo tuzungumze.