Nilivyotuliza maumivu ya nyuma ya kisigino

Kisigino cha mguu wa kulia kilikuwa kinauma kwa nyuma, na hatua za kwanza za asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Kabla ya zoezi lolote nilitafuta panapouma hasa, maana tiba inategemea hapo. Nilibana kano ya Achilles, ile kamba nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, kwa kidole gumba na cha shahada, nikipanda taratibu kutoka kwenye mfupa. Ikiuma sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, tatizo liko katikati ya kano, ambako damu hufika kidogo. Ikiuma pale inapojishikiza mfupani, kama yangu, mara nyingi hata kifuko cha majimaji kilicho kati ya kano na mfupa huwa kimevimba. Maumivu ya ndani zaidi, yanayokuja ukinyoosha unyayo kuelekea chini kama unapopiga mpira, kwa kawaida si ya kano: ni mifupa ya nyuma ya kifundo inabanana, hasa kwa mwenye kijifupa cha ziada hapo.

Zoezi linalosifiwa sana ni la Håkan Alfredson wa Uswidi, la mwaka 1998. Unasimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, kisha seti 3 nyingine goti likiwa limekunjwa ili msuli wa ndani wa shavu nao ufanye kazi. Mara 2 kwa siku, wiki 12. Linafaa kano iliyoumia katikati. Kwangu lisingefaa, kwa sababu kisigino kikishuka chini ya ukingo, kano hugandamizwa kwenye kona ya juu ya mfupa. Nilifanyia sakafuni: napanda kwa miguu miwili, nashuka kwa mmoja kwa sekunde 3. Niliweka soli za kuinua kisigino katika viatu vyote viwili, na kuacha kabisa kule kuvuta shavu kwa kuegemea ukuta, kwani nako hugandamiza palepale.

Maumivu ya 5 kati ya 10 niliyavumilia, mradi yasiamke makali kesho yake. Yakizidi, nilipunguza mizunguko bila kuacha. Kano isiyobebeshwa uzito hudhoofika. Yalipotulia, nilibeba begi la mchanga mgongoni.

Ukisikia mlio wa ghafla hapo nyuma, lala kifudifudi, nyayo zining'inie, mtu akuminye shavu la mguu. Unyayo usipocheza, kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kano ikianza kuuma ukiwa kwenye dozi ya ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, mwambie daktari mara moja, maana dawa za kundi hilo zinaweza kusababisha ikatike.