Tairi la 255 ndani ya Impreza: milimita zinatoka wapi

Impreza ya umbo la GD, ile iliyotoka kati ya 2000 na 2007, ilizaliwa na tairi jembamba. WRX, toleo lake la turbo, yenye rimu za inchi 17 ilivaa 215/45R17 (upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17) juu ya rimu ya upana wa inchi 7, ofseti 55. Kwa barabara inatosha. Kwenye saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, gari zito la mbele, linalovuta kwa magurudumu yote manne, linachoma bega la nje la tairi hilo kabla siku haijaisha, na ndiyo maana watu hukimbilia 255/40R17 juu ya rimu ya 17x9. Tairi hilo linaingia. Shida ni kwamba wengi hununua rimu kwanza, kisha ndipo wanaanza kutafuta nafasi kwa nyundo, ilhali hesabu yake yote inakaa kwenye kipande kimoja cha karatasi.

Anza na uso wa habu, pale rimu inapokalia. Kila kipimo kitoke hapo. Ofseti ni umbali kati ya uso huo na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani, ikiwa ndogo linatoka nje. Halafu usipime rimu peke yake, pima tairi, kwa sababu tumbo la tairi ndilo linalogusa. Tairi la 215/45R17 kwenye rimu ya 7 lina tumbo la milimita 213 hivi. La 255/40R17 kwenye rimu ya 9 linafika 260. Gawa kila moja kwa mbili, ongeza ofseti upate upande wa ndani, toa ofseti upate upande wa nje (ET ni ofseti):

215 kwenye 17x7 ET55: ndani 161.5, nje 51.5.
255 kwenye 17x9 ET42: ndani 172, nje 88.

Kwa hiyo tairi jipya linasogea milimita 10.5 kuelekea shokamzoba na milimita 36.5 kuelekea fenda. Jumla ni 47, na hiyo 47 haipungui kwa ujanja wowote wa ofseti. Ukinunua ET48 badala ya ET42 unaipa fenda milimita 6 na kuzichukua kwa shokamzoba. Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu, nayo ni hivyo hivyo: inahamisha nafasi, haiizalishi. Kumbuka pia kwamba namba za tumbo ni za kitabuni. Matairi laini ya saketi yana mabega ya mraba na baadhi yake ni mapana kuliko ndugu zake wenye namba ileile, kwa hiyo tafuta jedwali la mtengenezaji wa tairi hilo hasa. Rimu ikibadilika kwa nusu inchi, tumbo hubadilika kwa takriban milimita 5.

Kimo hakisumbui sana. 255/40R17 lina kipenyo cha milimita 636, la zamani 625, yaani tairi linapanda milimita 5 tu. Ila 235/45R17, ambalo linaonekana dogo kwa sababu ya namba yake ya kwanza, lina kipenyo cha 643 na ndilo linaloweza kugusa sahani ya springi, ile inayoikalisha springi kwenye shokamzoba. Na kwa kuwa Subaru hii ina difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, matairi yote manne lazima yawe saizi moja na yenye uchakavu unaolingana. Habari ya kuweka mapana nyuma na membamba mbele iachie BMW.

Sasa upande wa ndani. Hapa kuna jambo zuri ambalo wengi hawalitumii: shokamzoba ya aina hii imefungwa kwa bolti mbili kwenye nakoli, kile chuma kinachobeba habu, kwa hiyo inapanda, inashuka na kugeuka pamoja na gurudumu. Nafasi kati ya tairi na mwili wa shokamzoba haibadiliki unapokata kona au kupita kwenye shimo. Milimita 4 au 5 zinatosha kabisa. Bandika udongo wa kuchezea watoto kwenye shokamzoba, funga gurudumu ulilonalo, lizungushe polepole, kisha pima unene uliobaki. Ukikuta 18, toa 10.5, unabaki na 7.5 na hutahitaji spesa. Ukikuta 13, tafuta ofseti ndogo zaidi au koilova (shokamzoba na springi zake, zenye kimo kinachorekebishwa) zenye springi nyembamba, zile za kipenyo cha ndani cha milimita 60 au 65.

Kuhusu koilova, angalia zinavyoshushwa. Zile zinazoshuka kwa kuteremsha sahani ya springi peke yake huileta sahani hiyo karibu na kichwa cha tairi. Zile zenye mwili wa chini unaojifunga na kujifungua kwa nyuzi zake hushusha gari bila kuisogeza sahani kwenye tairi. Tofauti ya bei ipo, na kwa tairi la 255 ni pesa iliyotumika vizuri.

Kemba, yaani gurudumu kuinamisha juu yake kuelekea ndani, ndiyo inayolipa deni la upande wa nje, lakini inategemea unaipatia wapi. Ukitumia pleti za kemba juu ya shokamzoba, kichwa cha shokamzoba kinaingia ndani kikiwa na gurudumu lake. Nafasi kati yao haiguswi. Kila digrii moja inataka kichwa kisogee milimita 10 au 11, na sehemu ya juu ya tairi inaingia ndani ya fenda milimita 7 hadi 8. Ukitumia bolti ya kemba pale chini, kwenye nakoli, unabadilisha pembe kati ya nakoli na shokamzoba yenyewe, na sehemu ya juu ya tairi inaisogelea shokamzoba kwa milimita 4 au 5 kwa kila digrii. Ndiyo sababu gari mbili zenye rimu sawa, tairi sawa na kemba sawa ya -3, moja inapita na nyingine inachana ukuta wa tairi. Kwa upana huu, rudisha bolti ya chini mahali inapotoa nafasi kubwa zaidi, kisha chukua kemba yote juu.

Tuseme mbele ulikuwa na -0.5 na unakwenda -3.5. Digrii tatu, milimita 22 hivi zimerudi ndani. Toa kwenye 36.5, unabaki na 14 au 15 za kutafutia mahali, na hizo zinapatikana kwa kukunja ukingo wa ndani wa fenda na kuuvuta kidogo. Mwisho wa kazi peleka gari alaimenti, kwa sababu ukigusa kemba, mwelekeo wa magurudumu nao umeharibika.

Nyuma hesabu ni kali zaidi. Kemba ya nyuma haizidi -2 hadi -2.5 bila gari kuanza kuteleza matako wakati wa kufunga breki, kwa hiyo unarudishiwa milimita chache. Na wakati fenda ya mbele ni kipande kinachofunguliwa kwa bolti na kubadilishwa, ya nyuma ni mwili wa gari wenyewe: bati mbili zilizounganishwa kwa nukta za welding na kuzibwa kwa gundi. Mbele unaweza kuwa jasiri. Nyuma nenda pole. Ukiikata bila kuunganisha tena, umefungua mlango wa maji kati ya bati mbili, na kutu hukaa kimya mwaka mzima kabla ya kuchungulia nje. Pia kuna sikio la bampa ya nyuma linaloingia ndani ya upinde wa gurudumu, na skrubu yake. Hilo ndilo mara nyingi huchora mstari mwembamba kwenye bega la tairi huku mwenye gari akiulaumu ukingo wa fenda.

Kabla ya kukunja, pitisha sumaku juu ya upinde wote. Isiponata, pana puti (ile plasta ya kujazia mabonde ya bati), na puti haikunjiki. Inapasuka na kudondoka na rangi yake. Kwa gari lililotumika miaka ishirini hapa kwetu, hiyo si bahati mbaya, ni kawaida. Kama bati ni safi, osha matope yote ya ndani, funga mashine ya kukunjia kwenye habu kwa nati za gurudumu, pasha rangi kwa bunduki ya joto hadi karibu digrii 60, yaani kiganja hakivumilii kukaa, kisha pitisha roli ukianzia pembe ndogo. Pita mara nne au tano, ongeza kidogo, pasha tena. Rangi ikipoa ndipo hupasuka, kwa hiyo kipande kifupi kilichopashwa vizuri ni bora kuliko upinde mzima wa vuguvugu. Ukimaliza, paka gundi ya kuzibia viungo na nta ya chini ya gari juu yake. Fundi akikuletea gongo la besiboli alisokote kati ya tairi na fenda, mwache akafanyie gari lake.

Plastiki ya ndani ya fenda ya mbele usiitupe. Mawe ya saketi yatapiga waya na bati nyuma yake. Ipashe joto mahali tairi linapogusa, isukume kwa kitambaa kinene, ishikilie mpaka ipoe. Kama tairi linagusa kwa nyuma unapogeuza usukani hadi mwisho, kasta zaidi, yaani kuilaza shokamzoba zaidi kwa nyuma, hulisogeza gurudumu mbele. Kama linagusa karibu na bampa, kinyume chake. Kugusa plastiki wakati wa kuegesha tu hakunisumbui. Kugusa mpira wa breki au waya wa ABS hata mara moja ni kusimamisha gari. Kuna wanaoweka wosha kwenye steringi raki ili usukani usifike mwisho. Inafanya kazi, ila kwenye kozi ya koni za kubana utaikumbuka kila kona.

Mambo ya rimu zenyewe, hasa za mtumba kutoka Japani. WRX za GD ni 5x100, lakini STI, ndugu yake wa kasi zaidi, kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. Tundu la katikati ni 56.1. Rimu za Toyota za 5x100 zina tundu la 54.1, hazikai kwenye habu ya Subaru mpaka zichongwe na mashine ya leth. Za Volkswagen zina 57.1: zinaingia, ila zinacheza, zinataka pete. Pete iwe ya alumini. Za plastiki huyeyuka kwa joto la breki za saketi. Nati za Subaru ni M12x1.25, za Toyota M12x1.5. Zinaanza kuingia kwa mkono kisha zinakata nyuzi za stadi (bolti za habu), na stadi iliyokatwa nyuzi hukatika yenyewe baadaye. Ukilazimika kuweka spesa, hesabu mizunguko ya nati: kumi kamili kwa M12x1.25, au badilisha stadi ndefu.

Breki za Brembo za STI zinataka rimu ya inchi 17 yenye mgongo uliopinda vizuri. Kati ya kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) na mikono ya rimu acha milimita 3. Kalipa inayoteleza ipime ikiwa na pedi mpya, maana pedi ya nje ikiisha mwili wake hurudi ndani. Ukipima na pedi zilizochoka utadanganyika. Na waambie wa balansi wabandike vipande vya uzito mbali na njia ya kalipa. Vina unene wa milimita kadhaa, na kalipa ikivibandua, gurudumu linaanza kutetemeka kwa mwendo wa kasi na utatafuta kosa kwenye tairi.

Jaribio la mwisho hufanyika bila springi. Weka gari juu ya stendi, fungua linki za stabilaiza, toa springi na mpira wa kikomo (ule unaozuia shokamzoba isijibane hadi mwisho), kisha kwenye fimbo ya shokamzoba vika kipande cha bomba gumu lililopasuliwa chenye nusu ya urefu wa mpira huo, kwa sababu mpira ukibanwa sana hubaki takriban nusu. Funga gurudumu, inua mkono wa chini kwa jeki, kila milimita 10 simama na ugeuze usukani pande zote, tochi mkononi. Kwenye fenda acha angalau 8 hadi 10: bushi, beringi na ukuta wa tairi vyote hupinda kwenye kona, na jeki haiwezi kukuonyesha hilo. Ukikosa nafasi hapo juu kabisa, springi ngumu zaidi inakuja kwanza. Kurefusha mpira wa kikomo kwa milimita 10 kunakuja mwisho, maana gari linalofikia kikomo katikati ya kona hupoteza mshiko ghafla.

Kwa gari ambalo Jumatatu linarudi kazini na kupanda matuta likiwa na abiria wanne, ningechukua 245/40R17 juu ya 17x8.5 ET45. Linasogea 7.5 ndani na 27.5 nje. Nyuma huenda ukahitaji kukunja ukingo tu, bila kuvuta bati.

Siku ya kwanza saketini bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote nne za fenda, paka mabega ya tairi chaki, endesha mizunguko mitatu, ingia. Mstari kwenye bega la nje ni ukingo au lile sikio la bampa. Duara ukutani upande wa ndani ni shokamzoba. Alama ya msuguano katikati ya kichwa cha tairi ni plastiki ya juu au sahani ya springi. Magurudumu yakipoa, rudia nati kwa spana ya toki, kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha gari.