Mwaka wa vijisenti

Aprili 2008 Tanzania nzima ilikuwa na neno moja mdomoni. Waziri wa Miundombinu, Andrew Chenge, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizokuwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, akajibu kuwa ni vijisenti. Wachunguzi wa Uingereza walikuwa wanafuatilia rada ambayo serikali yetu iliinunua kwa BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, enzi hizo yeye akiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alikana kuhusika, na sijasikia mahakama iliyomtia hatiani kwa hilo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Konda akikurudishia chenji anakwambia, "Shika vijisenti vyako." Tarehe 20 akajiuzulu, hata miezi mitatu haijafika tangu Edward Lowassa aachie uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura.

Pale Morogoro, kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, fundi wa kumwigiza nilikuwa mimi. Naegemea kiti, nakunja nne, napunga mkono kama nafukuza nzi: "Aah, vile ni vijisenti tu!" Sikuwahi kumwona akilisema, mkono na nzi ni vya kutunga. Watu walicheka mpaka machozi.

Nilikuwa pia mweka hazina. Walinichagua kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, sifa ambayo kwenye kamati zetu inatosha kabisa. Nilikuwa na kaunta buku yenye safu tatu: jina, ahadi, alicholipa. Pesa nilizitia kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Mwanzoni mwa mwezi ule mwenye nyumba alinikalia kooni akitaka kodi ya miezi sita, 25,000 kwa mwezi. Nilifungua bahasha usiku, nikahesabu laki na nusu, nikaifunga tena. Sikujiambia nimeiba. Nilijiambia nimezungusha.

Jumapili ya mwisho ya Aprili tulikaa kikao nyuma ya baa, kama kawaida, kreti la soda upande huu na la bia upande ule. Baba mdogo ndiye alikuwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu, mtu wa kunywa soda moja kikao kizima. Igizo langu lilikuwa limeshapita, watu wamechangamka. Akafungua peni yake akasema, "Haya, mweka hazina. Mkononi tuna kiasi gani?"

Nikataja. Akajumlisha ahadi zilizolipwa pembeni ya karatasi yake, akarudia, akanitazama juu ya miwani. "Haifiki."

Jibu nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi. Likatoka kama nilivyolipanga: "Kuna vijihela kidogo nimevizungusha, baba. Mwisho wa mwezi vitakuwa vimerudi."

Kamati nzima ikaangua kicheko. Shangazi alinipiga bega, akasema huyu mtoto hachoki. Walidhani bado naigiza.

Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile masikio yananiwaka. Mlango ulikuwa wazi. Ningecheka nao, tukapita kwenye ajenda ya ukumbi, na kesho yake ningekopa popote nijazie bahasha. Ila nilikuwa nimejisikia. Vijihela. Nilikuwa nimeiminya ile laki na nusu mpaka ikawa kitu cha kupuliza kikapeperuka, na sikuhitaji kufundishwa na waziri. Neno lilikuwa langu siku zote, kinywani pangu, kabla hata ya Jersey.

"Sitanii," nikasema.

Waliokuwa karibu waliacha kucheka kwanza. Wa mwisho walichelewa kidogo.

Baba mdogo hakufoka. Aliuliza ni kiasi gani, nikamwambia. Akauliza ya nini, nikamwambia. Kisha akasema taratibu, kama yuko darasani, "Mwaka 1977 Mzee Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa ajili ya watu waliofia mikononi mwa polisi huko Shinyanga na Mwanza. Yeye hakumgusa mtu. Wewe, mwanangu, bahasha umeifungua kwa vidole vyako."

Akanyoosha mkono. Nikampa kaunta buku na funguo za chumba changu, maana bahasha ilikuwa kule. Shangazi alikwenda kuifuata akiwa na mke wa binamu mwingine, ambaye ndiye aliyekabidhiwa uhazina kuanzia jioni ile. Siku ya harusi mimi nilipangiwa kubeba makreti.

Nililipa kwa awamu mbili. Kwenye kikao cha kuvunja kamati, baba mdogo alisoma mapato yote, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye jina langu hakusema laki na nusu kama watu wote wanavyosema. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Shilingi laki moja na elfu hamsini," akasoma. "Zimerudi."